MJADALA: Kukremu maneno magumu ya Kiingereza kunamsaidia mwanafunzi, au tunafurahisha genge tu?

MTOA MADA
Wakuu salaam. Naileta hii mada maana msimu wa pre-form one ukifika kila mtaa una tuisheni, na kitu cha kwanza kinachouzwa kule ni daftari la misamiati. Mtoto kila siku anarudi na maneno kumi ya kukremu, kesho yake anaulizwa, asiyejua anasimama hadi kipindi kiishe. Na sio maneno ya kitoto, ni mabomu kwelikweli, "obnoxious", "flabbergasted", "serendipity", "plethora". Mzazi akisikia mwanae anamwaga yai namna hiyo sebuleni mbele ya wageni anaona hela yake imefanya kazi.

Mimi nafundisha tuisheni form one na form two, English na historia, na msimamo wangu naweka wazi mapema ili mnichape vizuri. Hayo maneno hayana kazi kwa huyo mtoto kwa sasa, tena yanamchelewesha. Sisemi msamiati hauna maana, nasema tunawarusha watoto juu kabla hawajapita katikati, na wengi wanafelia hapohapo katikati.

Kuna dogo mmoja wa form two, kichwa kizuri tu, daftari lake la misamiati limejaa mpaka kwenye jalada. Nikampa swali la historia la kawaida kabisa, "Account for the scramble for Africa". Akaniandikia ukurasa mzima, mkutano wa Berlin 1884 hadi 1885, Bismarck, Mjerumani kachukua Tanganyika, Mwingereza kachukua Kenya, mwandiko safi, ila sababu hata moja hakuna! Nikamuuliza kwa Kiswahili, kwa nini Wazungu waligombania Afrika? Akatiririka kama maji, malighafi, masoko, sehemu za kuwekeza mitaji, sifa za mataifa yao. Yote alikuwa nayo kichwani. Alichokuwa hajui ni kwamba "account for" pale inadai sababu, yeye akajua anaambiwa asimulie. Sifuri. Na "flabbergasted" anaijua mpaka kinyume chake.

Hayo ya katikati ndio haya, "whereas", "despite", "outline", "distinguish", "derive", "assume", "vary". Hayana mbwembwe, ukiyasema sebuleni hakuna anayegeuka. Lakini mwaka 2000 kule New Zealand, Averil Coxhead alichambua maandishi ya vyuo ya maneno kama milioni 3.5, akatoa familia 570 tu za maneno ya aina hiyo (familia ni neno na ndugu zake, kama "vary", "varied", "variation"), na zinabeba karibu 10% ya maandishi yote yale. Ukiziunganisha na maneno 2,000 ya kawaida aliyoyakusanya Michael West mwaka 1953 unakuwa na 86% hivi ya kitabu cha kitaaluma mkononi. Sasa niambieni, "obnoxious" kwenye kitabu cha biolojia cha form two utakutana nayo ukurasa gani?

Karibuni, ila matusi hapana.

MDAU WA KWANZA
Mwalimu kwa heshima zote hapa unatuangusha. Mimi najiandaa na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa wanaotaka kusoma nje, natafuta masters Uingereza, na kwenye writing msamiati peke yake ni robo ya maksi. Ukitaka band 7 (alama 7, kilele ni 9) wanataka waone maneno yasiyo ya kawaida, ukikaa na "good" "bad" na "very big" unaganda chini huko miaka yote. Sasa huyo dogo unayemwambia aache, miaka kumi ijayo ataanzia wapi? Samaki mkunje angali mbichi mkuu.

MDAU WA PILI
Niko Nakuru na naunga mkono mtoa mada mia kwa mia. Sisi wakati wa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, kabla haijazikwa 2023, kompozisheni ilikuwa dakika 40 kwa maksi 40, na walimu walitufungia mistari ya kukariri, jua lazima "smiling down", jogoo lazima awike, mtu akiamka lazima "leap out of bed with the agility of a cat". Unapewa kichwa cha ajali ya barabarani na bado unaanza na jua kutabasamu. Darasa zima insha moja, walichobadilisha ni jina la mhusika pekee. Hadi leo nina wafanyakazi wenzangu wanaandika imeli za ofisi hivyo, "I hereby most humbly", na anaomba tu ufunguo wa stoo.

MDAU WA TATU
Nyie endeleeni na utafiti wenu wa New Zealand. Mtaani yai ndio heshima, ingia ofisi yoyote uongee Kiswahili uone utakavyoambiwa kaa pale kwenye benchi, ingia na kung'eng'e kizito uone kiti kinavyotafutwa. Kwenye intavyuu ndio usiseme. Huyo dogo akijua "plethora" yake atakula nayo.

MDAU WA NNE
Mnapapasa tu. Tatizo sio maneno ya juu wala ya katikati, tatizo mtoto kasoma Kiswahili miaka saba halafu Januari moja anaamka kila kitu Kiingereza. Tume ya elimu ya Makweta ilishasema mwaka 1982 sekondari tuhamie Kiswahili, serikali ikakataa. Huyo dogo wa scramble kwa Kiswahili kafaulu, mwalimu mwenyewe umesema!

MTOA MADA
Nianze na wa nne. Kaka hilo ni kweli na mimi nipo upande wako, ila tukilifungua hapa mada ndio basi tena, na mtoto wa mtu anaingia form one mwezi ujao, sera haitakuwa imebadilika mpaka hapo.

Mdau wa IELTS, soma tena hicho kigezo cha band 7, kinataka maneno yasiyo ya kawaida NA uwe unajua yanakaa wapi na yanaambatana na nani. Daftari lenye neno upande huu na maana yake upande ule halifundishi hilo. Ndio maana mtu anaandika "a plethora of food" kwenye msiba. Wenyewe Wamarekani walishaliona hili, kwenye mitihani yao ya kuombea vyuo, GRE walitoa maswali ya vinyume mwaka 2011, SAT nayo 2016 ikaachana na yale maneno ya kuokoteza kwenye kamusi, wakaleta maneno ambayo maana yake inategemea aya uliyopewa. Sisi ndio tunaokota walichotupa.

Halafu pigeni hesabu. Paul Nation, naye wa hukohuko New Zealand, mwaka 2006 alionyesha kwamba ili usome gazeti au riwaya bila kukwamakwama unahitaji familia 8,000 hadi 9,000 za maneno. Kwa maneno kumi kwa siku, bila Jumapili wala malaria, ni zaidi ya miaka miwili, na hapo hujasahau hata moja, wakati ya Jumatatu Ijumaa hayapo! Mzigo huo unabebwa kwa kusoma, hamna namna nyingine. Na tulishawahi kujaribu, 1987 hadi 1991 kulikuwa na mradi wa hela za Waingereza ulioleta shule za sekondari vitabu vidogo vya hadithi, Kiingereza kilichorahisishwa, mtoto anapanda ngazi taratibu. Leo muulize mwanafunzi mara ya mwisho kumaliza kitabu cha hadithi ni lini.

Mkuu wa mtaani, hilo la benchi siwezi kukubishia, nimelikalia.

MAMA WAWILI
Mwalimu shikamoo. Nimesoma yote. Sasa lile daftari la mwanangu nilitupe? Nimeshalipia hadi mwisho wa mwezi.

MTOA MADA
Marahaba mama. Usilitupe, ligeuze uanzie nyuma. Kila jioni achukue sentensi moja nzima kutoka kitabu cha sayansi au historia yenye neno linalomkwaza, aiandike yote kama ilivyo, halafu akueleze kwa Kiswahili inasema nini. Hata kama wewe Kiingereza hukijui utajua tu kama anaeleza au anababaisha. Tatu kwa siku zinatosha.

MDAU WA TATU
Mwalimu hoja zako safi, sibishi. Ila hakuna mzazi wa Kitanzania atakayetoa hela mwanae akafundishwe "whereas".

MTOA MADA
Hapo ndipo penye shida mkuu. Bango langu limeandikwa "Kusoma na kuelewa, form one" lina wanafunzi wachache, jirani yangu kaandika "maneno magumu 500" na wengine wanakaa dirishani.