Naomba ushauri: ukalimani wa mtandaoni kwa nusu ya malipo, nikubali?

Habari wakuu. Mimi ni mkalimani wa Kiingereza na Kifaransa hapa Arusha, kazi niliyoianzia kwenye vibanda vya wakalimani vya AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa. Zamani wajumbe wakija, mji mzima unakula: madereva, hoteli, hadi mama ntilie. Tangu korona mambo yamegeuka. Februari 2021 hata wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana kwa video, na makao makuu ya Jumuiya yako hapahapa kwetu!

Sasa mteja anataka nifanye ukalimani nikiwa nyumbani Sakina, kwa nusu ya malipo, eti sina gharama ya nauli. Kumbe kazi ya video inachosha zaidi: sauti inakatika, midomo ya msemaji huioni vizuri, na umeme wetu mnaujua. Ila kinachoninyima usingizi ni siri. Mazungumzo ya faragha ya serikali mbili yapite kwenye kompyuta yangu sebuleni, watoto wanagonga mlango? Yakivuja, nani atabeba msalaba?

Mliowahi kusaini mikataba ya namna hii, mliweka vipengele gani vya kuwalinda? Na malipo mlishikilia wapi? Natakiwa kujibu Ijumaa.