Mke wa mvuvi na matakwa yake: ukurasa wa mwisho nifanyeje?

mama_zuu
Habari zenu wadau. Mimi na mdogo wangu (yeye ndo mchoraji) tunaandaa kijitabu cha picha cha ile hadithi ya Wajerumani, mvuvi anavua samaki kumbe ni mwana wa mfalme kalogwa, anamwachia hivihivi bila kuomba kitu, kufika nyumbani mke anakuja juu, rudi ukaombe nyumba! Nyumba ikapatikana, baada ya wiki mbili anataka ngome ya mawe, mara awe mfalme, mara kaisari, mara papa wa Wakatoliki, mwisho anataka awe kama Mungu na hapo ndo kila kitu kinayeyuka.

Nina shida mbili. Kwanza hayo matakwa ya mwisho, kitabu kitasomwa na watoto wa Kiislamu na wa Kikristo, nilimsomea mama mkwe akasema astaghfirullah na kuendelea kuchambua mchele wake, sasa nafikiria niishie kwenye kaisari. Pili, mdogo wangu kachora samaki wa dhahabu mwenye mapezi marefu, mzuri kweli, ila binti yangu wa miaka 6 kauliza kama samaki ana dhahabu yote hiyo mbona hakulipa ili atolewe kwenye ndoano 😂 nikakosa jibu.

jahazi_bovu
Huyo wa dhahabu ni wa Warusi dada, wa Pushkin, aliitunga kwa mashairi 1833. Wa Wajerumani ni samaki bapa, yule sisi tunamwita gayogayo, analala mchangani macho yote mawili upande mmoja, ukipita maji yakiwa yamekupwa unaweza kumkanyaga usijue. Akiwa mchanga macho yako kawaida, huku moja kule moja, halafu akikua jicho moja linahama taratibu mpaka linafika upande wa mwenzake. Mwambie mdogo wako achore huyo, mwana wa mfalme aliyelogwa akawa na sura ya kupinda vile watoto watamwelewa haraka kuliko huyo aliyevaa kama bibi harusi.

kalamu_ya_mkaa
Mi ni mchoraji pia na hii hadithi naipenda kwa sababu moja, aliyeiandika alikuwa mchoraji! Philipp Otto Runge, mtu wa Wolgast, aliiandika kwa Kijerumani cha watu wa pwani ya kaskazini, wale ndugu wawili wakusanyaji wa hadithi, akina Grimm, wakaja kuiweka kwenye kitabu chao cha 1812, yeye alikuwa keshafariki 1810, na mwaka huohuo wa kufariki alikuwa ametoa kitabu kuhusu rangi. Sasa rudi usome hadithi uangalie bahari. Kila mvuvi akirudi kuomba, maji yamebadilika. Mwanzo maangavu unaona chini, halafu kijani na njano, halafu zambarau na bluu nzito, halafu kijivu cheusi na yananuka, yakaja kuchemka, mwisho mawimbi meusi marefu kama minara ya kanisa yana povu jeupe juu. Yaani rangi ameshawapangia, msihangaike kuchora majumba ya kifahari kila ukurasa, chukueni pwani ileile, mzee yuleyule kasimama palepale, mbadilishe maji tu. Mtoto asiyejua kusoma ataona mambo yanaharibika kabla mama hajafungua mdomo.

bwana_shida
Na mkirudi kwenye asili mjue mke na mume hawakuwa wanaishi kwenye kibanda, ni chungu cha mkojo 😂😂 vitabu vingi wanaficha. Watoto wangu wangecheka wiki nzima.

mwl_wa_darasa_la_pili
Usikate ya mwisho dada. Ukiishia kwenye kaisari, mama atakuwa kanyang'anywa kwa kosa gani? Ukaisari si kosa. Ile asubuhi anaamka anaona jua linachomoza dirishani anakasirika kwamba linachomoza bila ruhusa yake, hapo ndo hadithi ilipo. Kwa hiyo andika hivyo hivyo, anataka jua na mwezi vitoke akisema yeye, jina la Mungu si lazima ulitaje na kila mtoto wa madrasa au Sunday school atajua kagusa pabaya. Pushkin naye alipita njia nyingine, bibi yake anataka kutawala bahari na samaki awe mtumishi wake, samaki hajibu neno, anapiga mkia anazama.

Ila naomba kitu, msimwachie mama lawama zote. Baba kila safari anajisemea moyoni hii si sawa, na anaenda. Hata wimbo wake wa kumwita samaki unasema hivyo, mi darasani nimeugeuza hivi:

Gayogayo wa bahari,
sikiza nina habari,
mke wangu hana shwari,
atakalo silitaki.

Watoto wanaimba kwa sauti ndogo mwanzo, mara ya mwisho wanapiga kelele kushinda upepo.

mama_zuu
Jamani asanteni mno. Nimeshamwonyesha mdogo wangu, kanuna kidogo kwa ajili ya yule samaki wake halafu kaanza kuchanganya kijani na njano mwenyewe. Ukurasa wa mwisho tulikuwa tumeandika tamaa mbele mauti nyuma kwa herufi kubwa, nimeufuta, utabaki mlango wa chungu (ndio, chungu!) na miguu yao minne imechomoza nje. Mama mkwe ntamsomea tena Ijumaa. Binti sasa anataka kujua lile jicho likihama linauma au haliumi, @jahazi_bovu hilo nakuachia wewe.