Wanafunzi wanaamini balbu "inakula" mkondo, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha tatu huku Rungwe. Vijana wangu wanashikilia kwamba mkondo wa umeme hupungua ukishapita kwenye balbu. Jana nilifunga betri mbili za tochi, jumla volti 3, na balbu mbili kwa mfululizo. Ammita (kipima mkondo) tunayo moja, na sindano yake hukwama mpaka uigonge kwa kucha. Nikaihamisha: kabla ya balbu, katikati, mwisho. Ampea 0.2 kote. Bado mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa betri inaisha kwa nini?" Nikajibu kinachotumika ni nishati, chaji zinazunguka tu. Hawakuridhika. Mfano wa maji ya mserereko kutoka mlimani umesaidia kwenye volteji peke yake. Mliofundisha mada hii, mlitumia mfano gani wakaelewa?