Njia ya mbao "nyepesi kwa wote" yenye misumari iliyochomoza: ifungwe, itengenezwe, ndipo mtoze kiingilio

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni kuhusu ile njia ya mbao ya kwenye ardhioevu, kanda yetu hii ya kati, inayotangazwa kila sikukuu kwa wakazi wa Dodoma kuwa ni matembezi mepesi ya watoto, wazee na wenye viti mwendo. Jina la hifadhi na la mkandarasi hayatatajwa hapa, walioingia wanaijua. Linalosemwa ni hali ya kazi yenyewe, na hali ni mbaya. Wahusika wapite wasome mpaka mwisho.

Tuanze pale mguu unapokanyaga. Mbao zimelazwa kwa urefu, kufuata mwendo wa mtu. Fundi aliyewahi kujenga kivuko cha waenda kwa miguu hawezi kufanya hivyo. Ubao ukikauka husinyaa upana wake, upenyo kati ya ubao na ubao unatanuka, na upenyo huo ukienda sambamba na njia ndio unaomeza gurudumu dogo la mbele la kiti mwendo, ncha ya mkongojo na mguu wa mtoto. Kuna mahali vidole viwili vya mtu mzima vinapita bila kugusa kingo. Mbao hulazwa kukingama njia, upenyo wa milimita 8 hadi 10. Hapo maji na mchanga vinapita chini, gurudumu linapita juu. Kilichookolewa kwa kuzilaza kwa urefu ni muda wa msumeno tu.

Halafu misumari. Wamepiga misumari ya kawaida ya nchi 4, haijapakwa zinki. Masika ubao unakunywa maji unavimba, kiangazi unasinyaa, na kila mara msumari unajisukuma juu kidogo. Chuchumaa pale kona ya pili uangalie ubao mmoja tu kwa karibu: vichwa vimesimama nusu sentimita, kila kimoja kimezungukwa na doa jeusi la kutu, na ndani ya doa hilo ubao umelainika kama mkate uliolowa. Ukibonyeza kwa bisibisi, inazama. Na maji ya mabonde yetu mengi yana chumvi, kwa sababu hayana pa kutokea. Mto Bubu unaishia kwenye bonde la Bahi, maji yanakauka hapohapo, chumvi inabaki. Chuma kitupu hakidumu mahali pa namna hiyo. Panatakiwa skrubu za zinki nzito au chuma kisichoshika kutu, mbili kila ubao unapokutana na boriti, tena tundu litobolewe kwanza kwa drili ili ubao usipasuke.

Sasa tufike kwenye kosa lililozaa mengine yote. Mchoro huu ni nakala ya njia za mbao za Ulaya, zile zinazopita kwenye nyanda zenye udongo wa mimea iliyolundikana bila kuoza, kama Viru kule Estonia. Zile njia zina sababu zake. Udongo ule ni maji kwa sehemu kubwa sana, unaongezeka kama milimita 1 tu kwa mwaka, na unyayo mmoja unaharibu kilichochukua miaka mingi, ndiyo maana watu wananyanyuliwa juu ya mbao. Na kwa kuwa umelowa mwaka mzima, ni wenye asidi na hauna hewa, mti uliofukiwa humo hauozi upesi. Kule Somerset, Uingereza, mwaka 1970 ilipatikana njia ya mbao iliyojengwa mwaka 3807 au 3806 kabla ya Kristo, na mbao zake bado zipo. Karibu miaka 6,000!

Dodoma hatuna udongo huo. Tuna mbuga, ule mfinyanzi mweusi ambao masika unavimba na kunata hadi unavua watu viatu, na kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza ngumi. Mvua ni ya msimu mmoja, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kisha miezi ya ukame. Kulowa, kukauka, kulowa, kukauka. Hakuna adui mkubwa wa mti kuliko huyo, maana vimelea vya kuoza vinataka unyevu na hewa kwa pamoja, na vyote viwili vinakutana pale nguzo inapotoka ardhini. Ng'oa nguzo yoyote ya pale: sehemu ya chini nzima, ya juu nzima, katikati sawa na usawa wa ardhi imeliwa hadi imebaki kiuno. Kiangazi mchwa wanamalizia, njia zao za udongo zinaonekana zimepanda hadi kwenye boriti.

Nguzo zenyewe zimechimbiwa kama sentimita 40. Hiyo ndiyo tabaka inayocheza kuliko zote! Mbuga inavimba inainua nguzo, inasinyaa inaiacha imeinama, na masika ijayo haiinuki sawasawa na ya jirani. Ndiyo maana njia imekuwa mawimbi na kila boriti linapoungana kuna kidato. Kuna njia mbili za kufanya. Ama ushuke chini ya tabaka inayopasuka, mita 1 na nusu au zaidi, kwa bomba la chuma au nguzo ya zege, na mti uanzie sentimita 15 juu ya ardhi kwenye kiatu cha chuma. Ama ukubali kwamba ardhi inacheza: laza magogo mapana juu ya ardhi, yabebe boriti, na kila mwaka mvua zikiisha mafundi wapite na pima maji na kabari kusawazisha. Ya pili ni rahisi kujenga, lakini inadai matunzo ya kila mwaka. Hapa hawakufanya hata mojawapo.

Mbao zenyewe ni paini ya kutoka Mafinga. Paini si tatizo, ikitiwa dawa kwenye mtungi wa shinikizo inadumu. Tazama basi ncha ya ubao uliovunjika: kijani cha dawa ni ukingo mwembamba kama ganda la chungwa, ndani ni njano tupu. Dawa haikuingia. Na zilipokatwa eneo la kazi, ncha mpya hazikupakwa dawa kwa brashi, kwa hiyo mchwa wamefunguliwa mlango. Kuficha hilo wakapaka oili chafu. Oili chafu haiingii ndani sana ya ubao, inateleza ikilowa, na mvua ya kwanza inaipeleka kwenye maji wanayokunywa ndege na mifugo. Ndani ya hifadhi! Hili peke yake lingetosha kusimamisha kazi.

Jukwaa la kutazamia ndege ni mita 3 kwa 4. Watu wakibanana, hesabu ya kazi ni kama kilo 500 kwa kila mita ya mraba, yaani tani 6, na flamingo wakitokea wote wanasogea upande mmoja. Lile limesimama juu ya nguzo nne za nchi 4 bila ubao wa mshazari wa kuzikaza hata mmoja. Wanafunzi 40 wasipandishwe pale kwa pamoja, walimu tunawaomba sana.

Upana ni sentimita 90. Kiti mwendo kinaingia ila hakigeuki, na kikikutana na mtu hakuna anayepita. Inatakiwa sentimita 120 kwa uchache, na vituo vya mita 1 na nusu vya kupishana. Kingo za pembeni za sentimita 10, za kuzuia gurudumu lisitoke, hazipo kabisa.

Kibao getini kinasema kilomita 2, dakika 40. Hakisemi kwamba ni kwenda tu na kwamba njia haizunguki. Mzee mwenye mjukuu anatumia dakika 30 kwa kilomita, hivyo ni muda wa saa 2 hadi arudi, bila mti wa kivuli, na benchi moja njia nzima. Kwa jua la kwetu mtu wa namna hiyo aingie saa 12 na nusu asubuhi, awe ametoka kabla ya saa 4, na abebe lita 1 na nusu ya maji. Maneno hayo yangeandikwa kwenye kibao.

Jambo la ng'ombe nalo lisemwe. Njia imekatiza mapito ya zamani ya mifugo bila kuacha uwazi, halafu wafugaji wanalaumiwa kwa mbao zilizovunjika. Ng'ombe ataenda kwenye maji tu. Acheni kivuko cha mita 4 chenye mawe yaliyoshindiliwa, ugomvi utaisha.

Tunachotaka: jukwaa lifungwe kesho, misumari iliyochomoza ing'olewe wiki hii, neno "viti mwendo" liondolewe kwenye matangazo hadi mbao zilazwe upya, na nguzo zirudiwe kiangazi hiki, siyo kungoja hadi mvua zijazo zipite.

NYONGEZA: Aliyeuliza kama wavu wa kuku unatosha kuzuia utelezi: unasaidia kwa muda. Uwe wa zinki, ubanwe kwa pini kila sentimita 10, na ukaguliwe kila mwezi, maana ukikatika unatoa nyaya zinazochoma mguu. Kubandika vipande vya mchanga na gundi ni bora zaidi.

Na kwa aliyekwisha kuwaahidi watoto Jumamosi hii: mita 300 za mwanzo bado ni imara. Vaeni viatu vya soli ya mpira, kandambili ziacheni nyumbani, na mgeuze pale kwenye benchi.