Gharama za mwanasheria katika kuomba ukaazi wa Ugiriki kwa kununua nyumba

Mfanyabiashara wa Nairobi:

Nawasalimu nyote. Mimi na mke wangu, pamoja na watoto wetu wawili walio chini ya miaka 18, tunakusudia kuomba kibali cha ukaazi cha Ugiriki kwa njia ya ununuzi wa nyumba. Tumeelekeza macho Patras, kwa sababu tangu Septemba 2024 kiwango cha chini cha uwekezaji katika eneo lote la Attica, ambamo Athens imo, na vilevile Thessaloniki, Mykonos, Santorini na visiwa vyenye wakazi zaidi ya 3,100, kimekuwa yuro 800,000, ilhali sehemu nyingine za nchi ni yuro 400,000.

Fedha za nyumba zipo. Kinachotutatiza ni kampuni moja ya ushauri iliyotuletea bei ya yuro 24,000 kwa kile ilichokiita huduma zote za kisheria. Tulipouliza ni kiasi gani kinakwenda serikalini, kiasi gani kwa mwanasheria na kiasi gani kinabaki kwao, tulijibiwa kwamba bei ni moja na haigawanyiki. Sitaki kubana fedha mahali ambapo ubanaji utatuponza, lakini pia sioni sababu ya kulipa nisichokijua. Ni kazi zipi hasa zinazomhitaji mwanasheria, na ni zipi tunazoweza kuzifanya wenyewe tukiwa hapa Nairobi?

Mhasibu, Piraeus:

Ndugu, bei isiyogawanyika ndiyo jambo la kwanza la kukataa, kwa kuwa kila kipande cha gharama hizi kinajulikana. Ada ya serikali kwa maombi yenyewe ni yuro 2,000 kwa mwombaji mkuu na yuro 150 kwa mwenzi wake, na kuchapisha kadi ni yuro 16 kwa mtu. Kama uonavyo, serikali haichukui sehemu kubwa ya zile 24,000. Gharama nzito iko katika nyumba: kodi ya uhamisho wa mali ni asilimia 3.09 ya thamani, kwa hiyo kwa nyumba ya yuro 400,000 utalipa yuro 12,360 kabla mkataba haujasainiwa. Waulizeni kwa maandishi kama kodi hiyo imo ndani ya bei yao. Ikiwa haimo, basi wanawatoza kiasi kikubwa mno kwa kazi ya karatasi.

Mwanasheria anayeshughulikia ununuzi kwa kawaida hutoza kati ya asilimia 1 na 2 ya bei ya nyumba, na juu yake huongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 24, ambayo wengi huisahau wanapolinganisha bei. Kwa nyumba yenu hiyo ni kati ya yuro 4,960 na 9,920. Mthibitishaji anayeandika mkataba wa mauzo hulipwa peke yake, na usajili wa hati hulipiwa peke yake.

Ushauri wangu ni kwamba msikubali asilimia. Kukagua hati za nyumba ya yuro 400,000 si kazi maradufu ya kukagua za nyumba ya 200,000. Ombeni bei maalumu, iliyoandikwa, inayotenganisha mambo mawili: ununuzi wa nyumba, na maombi ya kibali. Kisha mpange malipo kwa hatua, yaani sehemu baada ya ripoti ya ukaguzi wa hati, sehemu mkataba utakaposainiwa, na sehemu ya mwisho mtakapokabidhiwa stakabadhi ya kupokelewa kwa maombi. Mwanasheria mwaminifu hatachukizwa na mpango huo.

Neno jingine: msivutwe na zile nyumba za yuro 250,000 ambazo zamani zilikuwa ofisi au karakana. Kiwango hicho kipo kisheria kwa majengo yanayogeuzwa kuwa makazi, lakini ni lazima mageuzi hayo yawe yamekamilika kabla ya kuwasilisha maombi. Uchunguzi wake humhitaji mwanasheria na mhandisi kwa muda mrefu zaidi, na bili ya kisheria hupanda pale pale ambapo bei ya nyumba imeshuka.

Wakili, Nairobi:

Naunga mkono yaliyosemwa, na ningependa kuongeza upande wa huku nyumbani, kwa sababu hapa ndipo wateja wengi hulipishwa saa za mwanasheria wa Ulaya kwa kazi ambayo wangeweza kuimaliza wenyewe.

Chukueni pasipoti, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, mviweke mezani pamoja, mkague majina herufi kwa herufi. Mara nyingi nimeona jina la baba likiwa limeandikwa kwa tahajia moja katika cheti cha kuzaliwa na nyingine katika pasipoti, au mke akiwa na jina la ukoo wa mumewe katika hati moja na la babake katika nyingine. Ofisi za Ugiriki huzingatia sana majina ya baba na mama wa mwombaji, tangu hatua ya kwanza kabisa ya kuomba namba ya mlipakodi. Tofauti ya namna hiyo ikigunduliwa Patras, itazaa barua, viapo na tafsiri mpya, kila kimoja na ada yake. Ikirekebishwa Nairobi mapema, gharama yake ni ndogo sana.

Vyeti hivyo vithibitishwe kwanza na Wizara ya Mambo ya Nje hapa Nairobi, halafu vipelekwe Ubalozi wa Ugiriki. Tafsiri ya Kigiriki inaweza kufanywa na mtafsiri aliye katika orodha iliyoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Ugiriki, nanyi mnaweza kumwagiza na kumlipa moja kwa moja badala ya kupitia kampuni inayoongeza faida yake juu.

Jambo la mwisho ni hati ya kumpa mwanasheria mamlaka ya kuwawakilisha. Mkiisaini mbele ya mthibitishaji wa Kenya, itahitaji kuthibitishwa tena na kutafsiriwa. Mkiisaini katika idara ya kikonseli ya ubalozi huo huo, huandikwa kwa Kigiriki tangu mwanzo, ingawa mtahitaji mkalimani ikiwa hamjui lugha hiyo. Mipaka ya mamlaka hayo iandikwe wazi: nyumba ipi, bei isiyozidi kiasi gani, na kwamba fedha zitakwenda kwa muuzaji na si kwa mwakilishi.

Mfanyabiashara wa Nairobi:

Nawashukuru sana. Dalali wa nyumba tuliyoipenda anasema mwanasheria wa muuzaji atatufanyia ukaguzi wa hati bila malipo, hivyo tubaki na gharama ya maombi ya kibali tu. Je, huo si unafuu wa kweli?

Mhasibu, Piraeus:

Hapana, ndugu yangu, na hapa nakusihi usikubali. Mwanasheria huyo ana wajibu kwa muuzaji, na muuzaji anataka nyumba iuzwe. Ukaguzi wa hati ndiyo kazi pekee katika safari yenu yote ambayo hamna namna ya kuifanya wenyewe. Mwanasheria wenu anapaswa kufuatilia mlolongo wa umiliki kwa angalau miaka 20 nyuma, kutafuta rehani, mazuio na kesi katika masjala ya ardhi, na kuona kama warithi wote wa mmiliki wa zamani walikubali urithi kwa hati. Vilevile mhandisi hutoa cheti kwamba jengo halina ujenzi usio na kibali. Roshani iliyofungwa kwa vioo na kugeuzwa chumba, au ghala la chini lililoongezwa jiko, vinaweza kusimamisha mauzo hadi virekebishwe, na mgeni anayeitazama nyumba kwenye picha hawezi kuvitambua. Aidha sheria inataka nyumba moja yenye angalau mita za mraba 120, kwa hiyo vipimo vilivyo kwenye hati ndivyo vinavyohesabika, si vile vya tangazo la dalali.

Mkitaka kupunguza, punguzeni kwingine: tafsiri, vyeti, bima ya afya, miadi ya ubalozi. Na kabla ya kutoa arbuni, hakikisheni makubaliano yanasema kwamba itarudishwa yote iwapo ukaguzi utaonyesha kasoro ya hati au ya jengo.

Wakili, Nairobi:

Nami naongeza swali moja la kumwuliza mwanasheria mtakayemchagua: atatoza kiasi gani wakati wa kuhuisha kibali baada ya miaka 5? Sharti kuu wakati huo ni kwamba nyumba bado ni yenu na haijakodishwa kwa muda mfupi kwa watalii, jambo ambalo limekatazwa kwa nyumba za namna hii na adhabu yake ni faini ya yuro 50,000 pamoja na kufutwa kwa kibali. Kazi ya uhuishaji ni ndogo, na bei yake iandikwe katika barua ya makubaliano ya sasa, wakati bado mna nafasi ya kulinganisha ofisi mbili au tatu.