Naomba ushauri: Gible wa rangi adimu, nimefika 2,140 na bado

Dada_wa_Pasua

Habari zenu wakuu. Niko Moshi, mitaa ya Pasua. Mdogo wangu wa kidato cha kwanza yuko likizo, na tunacheza gemu ya kukamata viumbe, Pokémon Violet, kwa zamu kwenye mashine moja ya Switch. Anachotaka ni kitu kimoja tu: Gible (mmoja wa viumbe hao) aliye shaini, yaani yule anayetokea na rangi tofauti na wenzake. Nilimwahidi tutampata kabla hajarudi bweni. Zimebaki siku 11.

Kila Gible tunayemwona tunaingia naye kwenye pambano, tukishamaliza nachora mstari kwenye daftari. Leo asubuhi mistari imefika 2,140. Mchana umeme ukakatika, chaji ikaisha, na dogo amenyamaza hadi jioni. Sijazoea kumwona hivyo.

Najua uwezekano ni 1 kati ya 4,096. Niendelee hivihivi, maana nusu ya safari nimeshaivuka? Au kuna njia ya haraka zaidi? Na inawezekana gemu yetu ina hitilafu?

Kaloleni_Boy

Dada kaza hapohapo. Nusu umeshapita, ukigonga 4,096 lazima atoke. Usibadili chochote.

Ticha_Sakina

Kaloleni_Boy, samahani mdogo wangu, hilo la "lazima atoke" limechosha watu wengi na sipendi limchoshe na huyu dada. Gemu haina daftari. Kila Gible anapotokea ni kama kurusha shilingi upya, na shilingi haikumbuki imeangukaje jana. Piga hesabu: wachezaji 100 wakikutana na 2,140 kila mmoja, kama 59 watakuwa bado mikono mitupu. Wakifika 4,096, kama 37 bado hawajapata. Kwa hiyo dada, gemu yako ni nzima kabisa, na wala huna mkosi. Uko na wengi.

Ila hakuna nusu ya safari uliyoivuka. Najua inauma kusikia hivyo ukiwa na daftari lililojaa. Faida yake ni kwamba ukibadili njia leo hupotezi kitu.

Na tushukuru kidogo: kabla ya gemu za Pokémon X na Y za 2013 ilikuwa 1 kati ya 8,192.

Mtaa_wa_Mnara

Niko Arusha, nimewinda sana kwenye Violet na pacha wake Scarlet, ngoja niseme niliyojifunza kwa kuumia.

Kwanza, acha kuingia pambano na kila mmoja. Kwenye gemu hii rangi inaonekana wakiwa bado wanatembea porini. Shida ni kwamba hakuna mlio wala mmeto wa kukushtua, tofauti na gemu nyingine ya Pokémon, Legends: Arceus. Lazima macho yafanye kazi. Kwa Gible angalia tumbo: wa kawaida ni jekundu, shaini linaelekea kwenye njano ya dhahabu. Bluu ya mgongo inapauka kidogo tu, isikudanganye. Mimi ninavyoona, ndani ya pango lenye giza unaweza kumpita kabisa, na sitashangaa kama mmeshampita mmoja mkiwa mmechoka.

Usipokuwa na uhakika, msogelee kisha bonyeza R ili Pokémon wako wa mbele aende kupigana mwenyewe. Akiwa ni shaini, wako atagoma kumpiga. Hapo ndipo unamrushia mpira kwa ZR. Beba Quick Ball, mpira wa kukamatia wenye nguvu raundi ya kwanza, na Pokémon mwenye False Swipe, pigo lisiloua, asije akamuua kwa bahati mbaya.

Pili, mlipuko, yaani wale wanaojaa sehemu moja kwenye ramani. Ukishawaondoa 60, uwezekano unapanda hadi 1 kati ya 1,365. Kuna pia sandwichi ya kuongeza shaini, lakini inataka kiungo adimu kiitwacho Herba Mystica, na hicho kinatoka kwenye reidi, yaani mapambano makali ya kundi, za nyota 5 na 6. Kama hamjafika huko, achana nayo.

Dada_wa_Pasua

Asante sana kaka. Reidi za nyota 5 hatuziwezi bado. Na mlipuko wa Gible hatujawahi kuuona hata siku moja.

Mhudumu_Wa_Wageni

Dada, kwa siku 11 mlipuko usiutegemee. Ramani inabadilika usiku wa manane na inaweza isilete Gible mpaka dogo afunge sanduku.

Mimi ningeenda na mayai. Ukizalisha wazazi wawili waliotoka kwenye gemu za lugha tofauti, uwezekano unakuwa 1 kati ya 683. Ukiwa na Shiny Charm, hirizi ile mwalimu Jacq wa kwenye gemu anayokupa ukikamilisha Pokédex (orodha ya Pokémon) ya Paldea yenye 400, inafika 1 kati ya 512. Unamhitaji Ditto, Pokémon anayezaa na karibu yeyote, wa lugha ya kigeni tu.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni hapa Moshi, wanapolala wapanda mlima. Mwaka jana mgeni kutoka Japani aliteremka Kilimanjaro goti limevimba, akakaa siku tatu sebuleni na Switch yake. Tulibadilishana Pokémon, akaniachia Ditto wawili wa Kijapani. Nilikuwa namletea chai ya tangawizi na tulielewana bila lugha. Mmoja nakupa. Mashine mbili zikiwa karibu hazihitaji intaneti wala malipo ya mwezi.

Mtaa_wa_Mnara

Huyu amesema vizuri kuliko mimi, fuateni mayai. Nyongeza: mweke Talonflame, Pokémon mwenye uwezo wa Flame Body unaoharakisha kuangua, kwenye timu, mayai matano yajaze nafasi zilizobaki, yataanguliwa kwa nusu ya muda. Kwenye pikiniki ya ndani ya gemu, mayai yanakotagwa, tengeneza sandwichi ya ndizi na siagi ya karanga, mayai yanakuja haraka. Kapu la mayai linabeba 10.

Ticha_Sakina

Na huyo dogo mwachie kazi ya kuangua, dada. Wewe shika daftari.

Dada_wa_Pasua

Mhudumu, nimekuona leo karibu na stendi na nimemshika Ditto. Mungu akubariki, kweli kabisa. Dogo alitaka kukulipa kwa akiba yake, ukakataa.

Tumefungua ukurasa mpya. Mayai 43 hadi saa mbili usiku huu, wote matumbo mekundu. Chaji iko asilimia 61 na umeme upo. Swali moja la mwisho: hawa Gible wa kawaida wamejaa kwenye maboksi, niwaachie huru wote au kuna mtu anawahitaji?

Kaloleni_Boy

Dada mimi sina hata mmoja. Niwekee wawili, Jumamosi napanda Coaster nakuja Moshi.