Nimeuziwa bolti za UNF nikiambiwa ni BSF, na zile za zamani fundi kaziuza skrepa

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nina hasira za wiki tatu.

Nina Landrova 109, Series IIA ya mwaka 1963. Niliikuta shambani kwa marehemu mjomba huko Muheza, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Nikaapa kuifufua kama ilivyotoka kiwandani Solihull, Uingereza, sitaki kiraka cha Hilux wala cha Canter. Injini imeshawaka, giaboksi iko sawa. Kinachonitoa roho ni bolti.

Kwa wasiojua: Waingereza walikubaliana na Marekani na Kanada kutumia thredi (nyuzi za bolti) za aina moja mwaka 1948, ndizo hizi UNF na UNC. Lakini miaka 15 baadaye gari langu linatoka kiwandani bado lina BSF, thredi ya zamani ya Muingereza, huku na UNF kule. Gari moja! Na kwa macho hutazitofautisha.

Sasa mlete fundi wa spana za milimita. Bolti ya BSF ya 5/16 ya inchi kichwa chake kinakuja kama milimita 13.3. Spana 13 haiingii, 14 inacheza. Fundi wetu anachukua 14, anaivuta, kona zinalambwa, anahamia pipe renchi, anamalizia na patasi. Ikitoka imekuwa mviringo kama kokwa la embe. Halafu anachukua M8, maana 5/16 ni milimita 7.94 na kwake hiyo ni nane tu. BSF ina nyuzi 22 kwa inchi, M8 kama 20. Inaingia mizunguko miwili, inagoma, anaongeza mkono, inazama. "Bosi imekamata hiyo!" Imekamata nini, wakati umeshaua thredi ya ndani?

Hilo ningelimeza. Bolti zote nilizofungua mwenyewe nilizihifadhi kwenye makopo ya maziwa ya unga, kila kopo na kikaratasi: mlango kushoto, mlango kulia, propela ya mbele, propela ya nyuma. Ijumaa naenda msikitini, narudi, makopo matupu yamepangwa vizuri ukutani. Nauliza. "Zile zilikuwa na kutu bosi, nimempa kijana wa skrepa, tutaweka mpya." Bolti zilizodumu miaka 60 zimeondoka kwa bei ya soda mbili. Vikaratasi kaniachia, Mungu ambariki.

Ndipo nikaingia mikononi mwa muuzaji wa mtandaoni, yupo Dar, simtaji. Nilihitaji bolti 16 za propela, zile shafti zinazopeleka nguvu ya giaboksi kwenye magurudumu: flenji (sahani za kuungia) nne, kila moja bolti nne. Nikamwandikia kwa herufi kubwa: 3/8 BSF, NYUZI 20, NGUMU, NA NATI ZAKE. Akajibu "zipo orijino kaka, za Muingereza kabisa". Shilingi elfu sita moja, na nauli ya basi mpaka Tanga juu yangu. Mzigo umefika kwenye mfuko wa nailoni, bolti zinang'aa kama heleni. Nikachukua nati moja ya zamani iliyonusurika kwa kuwa ilikuwa mfukoni mwangu. Mzunguko wa kwanza, wa pili, imegoma. Nikaweka rula, nikahesabu kwa ncha ya sindano: nusu inchi ina nyuzi 12. Yaani 24 kwa inchi. UNF!

Nampigia, ananiambia "kaka bolti ni bolti, mwambie fundi apige tapu", yaani akate thredi upya. Nipige tapu kwenye nini? Nati zako zenyewe ni za milimita! Nikamwambia anirudishie hela, akanipa ofa ya stenlesi. Propela inazunguka chini ya miguu ya watoto wangu, nayo inataka bolti ngumu, haitaki za kung'aa. Na hata kwenye bodi stenlesi siitaki: bodi ya alumini, hewa ya chumvi ya Tanga, ukiweka stenlesi hapo alumini ndiyo inayoliwa. Tangu hapo simu yangu hapokei.

Halafu mwaka 2024 tulijipanga Arusha kwenye tamasha la Landrova, msururu hauna mwisho, kila mtu anasifia chuma cha Muingereza. Nchi yenye Landrova zote zile, nati ya BSF nakosa!

Msiniambie niagize Uingereza, najua zipo. Nauli ya kifurushi inazidi bolti zenyewe, na ushuru bado.

Ninachoomba: mwenye mzee aliyekuwa na gereji zamani, Moshi, Morogoro, Iringa, popote, akamwangalizie ile ndoo ya bolti chini ya benchi. Zikiwa na mafuta meusi na kutu, ndizo hizo hizo. Chukua rula, hesabu nyuzi kwenye nusu inchi: zikiwa 10 kwenye bolti ya 3/8, nitumie picha. Nanunua ndoo nzima, ila usimwachie fundi aisafishe.